Kiungulia Kisichokoma: Kipimo Kwanza, Kisu Baadaye



Kiungulia ni ugonjwa ambao watu wengi huufanyia mzaha. Mtu akilalamika kwamba kifua kinamwaka moto baada ya chakula, wenzake humwambia apunguze mihogo. Mama mjamzito akilalamika, huambiwa kwamba mtoto wake atazaliwa na nywele nyingi. Ni kweli kwamba kiungulia cha siku moja huja na kwenda zake, na cha mama mjamzito kwa kawaida humwacha akishajifungua. Lakini kiko kiungulia kisichokwenda. Hukaa na mtu mwaka baada ya mwaka, humnyima usingizi, humfanya akiogope chakula, na mwisho huifikisha familia yake mahali pa kujiuliza: je, tuuze mali ili mgonjwa wetu akafanyiwe upasuaji?

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunalijua swali hilo, kwa sababu limeulizwa nyumbani kwetu hapa Kasokola. Mama yetu ameishi na kiungulia kwa miaka tisa. Usiku tulizoea kumkuta ameketi kwenye kigoda, mgongo umeegemea ukuta, kwa kuwa akilala tu maji machungu yalipanda hadi kooni na kumpalia. Asubuhi sauti yake ilikuwa imekwaruza kama ya mtu aliyekesha msibani. Miaka yote hiyo tulisema ana vidonda vya tumbo. Tulimnunulia vidonge vya kutafuna vya magnesiamu, baadaye omeprazoli, na mara tatu alimeza dawa za kuua vijidudu vya vidonda. Kila mara alipata nafuu ya majuma machache, kisha moto ukarudi.

Mwaka jana kaka yetu mkubwa alisikia kwamba kuna upasuaji unaomaliza kiungulia moja kwa moja. Akapendekeza tuuze maksai wawili tunaolimia. Baadhi yetu tulimwunga mkono, maana nani asingependa mama yake alale usiku? Wengine waliuliza tutalima na nini mvua zikianza. Mama mwenyewe alisema maneno machache tu: "Wanangu, mnataka kuuza ng'ombe kwa ugonjwa ambao hamjaambiwa jina lake."

Maneno hayo ndiyo maoni yetu katika ukurasa huu. Hatusemi kwamba upasuaji ni mbaya. Hatusemi pia kwamba ndio mkombozi. Tunasema kwamba familia isiuze shamba wala ng'ombe kabla haijajua kwa kipimo mgonjwa wao anaumwa nini, na kabla dawa hazijatumiwa jinsi zinavyotakiwa kutumiwa.

Kiungulia hutokeaje?

Chakula tunachomeza hupita katika mrija uitwao umio, kutoka kooni hadi tumboni. Mahali umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo unaofanya kazi kama mlango. Hufunguka kupitisha chakula, kisha hufunga. Tumbo lina tindikali kali ya kusaga chakula, na ngozi yake ya ndani imeumbwa kuivumilia. Umio haukuumbwa hivyo. Mlango ule ukilegea, tindikali hupanda na kuuunguza umio. Huo ndio moto anaousikia mgonjwa nyuma ya mfupa wa kifua.

Wagonjwa wengine wana jambo la pili. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, nao umio hupita katika tundu lake. Tundu likipanuka, sehemu ya juu ya tumbo huweza kupanda na kuingia kifuani. Hii huitwa ngiri ya kiwambo. Mwenye ngiri hiyo mara nyingi hasumbuliwi na moto peke yake, bali maji na hata chakula humrudia mdomoni anapoinama au kulala.

Vidonda vya tumbo ni ugonjwa mwingine. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba vidonda vingi vinaletwa na kijidudu kinachoishi tumboni. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Kijidudu hicho huuawa kwa dawa za siku chache. Lakini kumuua mdudu hakukazi mlango uliolegea. Ndiyo maana mtu mwenye kiungulia anaweza kumeza dawa za vidonda mara tatu, kama mama yetu, na bado akakesha kwenye kigoda.

Tulichojifunza kwa kipimo

Baada ya mabishano ya siku nyingi tulikubaliana kuuza magunia kadhaa ya mpunga badala ya maksai, tukampeleka mama katika hospitali ya rufaa kupimwa kwa endoskopi. Hiki ni kipimo cha kupitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera hadi tumboni, ili daktari aone kwa macho hali ya umio na tumbo. Mgonjwa haruhusiwi kula tangu usiku, hupuliziwa dawa ya ganzi kooni au kupewa dawa ya usingizi mwepesi, na kazi yenyewe huchukua dakika chache. Mama alikiogopa kipimo hicho kuliko kisu. Alipotoka alisema kinakera, lakini amewahi kung'olewa jino kwa taabu kubwa zaidi.

Daktari hakukuta kidonda tumboni. Alikuta umio umechubuka kwa tindikali, na ngiri ndogo ya kiwambo. Baada ya miaka tisa ugonjwa ukawa na jina.

Kisha daktari akamwuliza mama maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Omeprazoli unaimeza saa ngapi? Mama akajibu: nikisikia moto. Kumbe hapo ndipo tulipokosea. Omeprazoli haizimi moto uliokwisha kuwaka. Kazi yake ni kuzuia tumbo lisitengeneze tindikali nyingi. Kwa hiyo humezwa kila siku, nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula cha asubuhi, kwa majuma manne hadi manane au zaidi kama daktari anavyoagiza. Anayeimeza baada ya kula, au siku moja moja, hupoteza fedha yake. Vilevile anayeiacha ghafla baada ya miezi mingi huweza kuona moto unarudi kwa nguvu, hivyo kwa kawaida hupunguzwa polepole. Dawa hii ilianza kuuzwa mwaka 1988, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa ya kuogopa, lakini si karanga pia. Mwenye kuitumia kwa miaka aangaliwe na daktari, maana huweza kupunguza vitamini B12 na madini ya magnesiamu mwilini.

Swali la pili lilihusu dawa nyingine. Mama alikuwa akinunua diklofenaki dukani kwa ajili ya magoti. Dawa hiyo na aspirini huchubua tumbo na umio. Tulikuwa tunazima moto kwa mkono mmoja na kuuchochea kwa mkono mwingine.

Swali la tatu lilihusu chakula cha usiku. Familia za wakulima tunajua ilivyo. Mchana mtu hula kidogo shambani, au hali kabisa. Usiku saa tatu ndipo ugali unapoiva, na kila mmoja hula mpaka ashibe, kisha huenda kulala. Tumbo limejaa, mwili umelazwa, mlango umelegea. Tindikali itabaki chini kwa sababu gani?

Mabadiliko tuliyofanya hayana gharama kubwa. Tunapika mapema, na mama hali kitu kwa saa tatu kabla ya kulala. Anakula kidogo kidogo mara nyingi badala ya mlo mmoja mzito. Hainamii jembe mara tu akitoka kula. Hafungi kanga kwa kukaza kiunoni. Tumeweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kiasi cha sentimita 15 hadi 20, ili kifua chote kiinuke. Mito mingi haisaidii, kwa kuwa hukunja tumbo na kulibana. Analala kwa ubavu wa kushoto. Kwa upande wa vyakula tumeacha kumkataza kila kitu. Aliandikishwa kuangalia ni chakula gani kinachomletea moto yeye, ikaonekana ni vitumbua vya mafuta na chai ya rangi ya usiku. Migebuka ya kuchemsha haimdhuru, wala maharage. Kwa wengine huwa ni pilipili, nyanya, kahawa, pombe au sigara. Mtu mnene akipunguza uzito hupata nafuu kubwa.

Upasuaji wenyewe ni upi?

Aliyeuanzisha ni daktari Mjerumani, Rudolf Nissen. Katika miaka ya 1930 akifanya kazi Istanbul, Uturuki, alimpasua mgonjwa mwenye kidonda sehemu ya chini ya umio. Ili mshono usivuje, aliuzungushia umio sehemu ya tumbo. Miaka mingi baadaye aligundua kwamba mgonjwa yule hakuwa tena na kiungulia. Mwaka 1956, akiwa Basel, Uswisi, alitangaza upasuaji huo kuwa tiba ya kiungulia. Hadi leo mtindo ni huohuo: sehemu ya juu ya tumbo hukunjwa na kushonwa kuuzunguka umio kama skafu shingoni, na tundu la kiwambo likiwa limepanuka hushonwa lipungue. Tangu mwaka 1991 kazi hii hufanywa pia kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo lote.

Je, unafaa? Hapa tunaomba msomaji asome taratibu. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 366 waliosemekana kwamba omeprazoli imewashindwa. Kwanza wote waliagizwa kuimeza sawasawa, mara mbili kwa siku kabla ya chakula, kwa majuma mawili. Wagonjwa 42 wakapata nafuu kwa hilo tu. Wengine walipimwa kwa makini, na 99 wakaonekana kwamba moto wao hautokani na tindikali inayopanda wala na ugonjwa mwingine unaoonekana kwa vipimo. Wengine tena walikutwa na magonjwa tofauti, au waliondolewa kwa sababu mbalimbali. Mwishoni walibaki 78 tu waliofaa kulinganishwa. Kati ya 27 waliopasuliwa, 18 walipata nafuu kubwa. Kati ya 25 walioongezewa dawa nyingine, walikuwa 7. Kati ya 26 walioendelea na omeprazoli peke yake, walikuwa 3.

Hesabu hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri, upasuaji unashinda dawa. Lakini wengi waliodhani wanahitaji kisu hawakukihitaji. Kama wale 366 wangepasuliwa wote bila kupimwa, wengi wangeuza ng'ombe bure.

Kwa wagonjwa ambao dawa inawafaa, mambo ni tofauti. Uchunguzi wa Ulaya uliotangazwa mwaka 2011 uliwafuata watu wa namna hiyo kwa miaka mitano. Waliobaki katika hali nzuri walikuwa asilimia 92 ya waliotumia dawa na asilimia 85 ya waliopasuliwa. Njia zote mbili zilikuwa nzuri. Nao uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2001, ulionyesha kwamba baada ya kama miaka kumi, asilimia 62 ya waliopasuliwa walikuwa wamerudia kutumia dawa za kiungulia. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba akipasuliwa hatameza kidonge tena maisha yake yote, amwulize anayemwambia hivyo ana hakika gani.

Tujue pia maisha yalivyo baada ya upasuaji. Majuma ya kwanza mgonjwa hula uji, supu na vyakula laini, kwa sababu kumeza ni kugumu. Wengine tumbo hujaa gesi, na hushindwa kucheua au kutapika. Wachache hulazimika kurudi kupasuliwa tena. Mkulima hawezi kubeba gunia kwa majuma kadhaa. Haya si ya kumtisha mtu. Ni ya kumfanya apange nani atalima na nani atapika wakati yeye anapona.

Maswali ya kumwuliza daktari

Kabla ya kukubali upasuaji, familia iulize maswali haya bila aibu. Je, endoskopi imefanyika, na imeonyesha nini? Je, nguvu ya misuli ya umio imepimwa? Kipimo hiki ni cha lazima, kwa sababu kuna ugonjwa ambao msuli wa chini ya umio hukataa kufunguka. Dalili zake zinafanana na kiungulia, na mwenye nao akikazwa mlango hatameza kabisa. Je, tindikali inayopanda imepimwa kwa muda wa saa 24? Kipimo hiki hufanywa kwa mrija mwembamba unaopitishwa puani, hasa pale endoskopi isipoonyesha michubuko. Je, daktari mpasuaji ameshafanya upasuaji wa namna hii mara nyingi? Na je, bima yetu italipa nini, na sisi tulipe nini?

Vipimo hivi havipatikani kila mahali. Mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya, aende hospitali ya Mpanda, na huko apewe barua ya kwenda mbele. Kwetu huku hospitali kubwa ziko mbali: Bugando jijini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, au ile ya rufaa ya Mbeya, au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Kwa kuwa safari ni ndefu, mtu apige simu kwanza aulize kipimo kinafanyika siku gani na kwa gharama gani. Nauli ya kwenda na kurudi bila kupimwa inaumiza kuliko kiungulia.

Dalili zisizosubiri

Tumesema polepole, lakini ziko dalili ambazo haraka ndiyo baraka yake. Chakula kikianza kukwama kifuani, ugali kwanza, kisha hata uji, mtu akikonda bila sababu, akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akipungukiwa damu: asimeze omeprazoli na kungoja. Aende hospitali juma hilohilo, na mwenye kutapika damu aende saa hiyohiyo. Nchi zetu za Afrika Mashariki zina saratani ya umio kwa wingi, na wagonjwa wengi hufika wakati hawawezi tena kumeza hata maji. Kwa sehemu kubwa saratani hiyo ya kwetu haitokani na kiungulia. Tumbaku na pombe huchangia, na mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 huenda navyo huleta saratani ya umio. Chai ipoe kidogo.

Vilevile maumivu ya kifua yanayobana, yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, yasiitwe kiungulia. Huenda ni moyo. Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja.

Tulichoamua

Mama alimeza dawa sawasawa kwa miezi miwili. Moto umepungua sana. Kigoda kimerudi jikoni. Maji machungu bado humpanda mara chache, hasa akiinama kwa muda mrefu, kwa kuwa ngiri iko palepale na dawa haiiondoi. Daktari ametuambia wazi kwamba upasuaji unawezekana, na kwamba hakuna haraka. Tumekubaliana kungoja mwaka mmoja. Kama nafuu itaendelea kwa dawa kidogo, ataendelea hivyo. Kama maji yataanza tena kumpalia usiku licha ya dawa na matofali, tutaenda kufanya vipimo viwili vilivyobaki, na vikikubali, tutawauza maksai bila kunung'unika. Uamuzi wa mwisho ni wa mama, kwa sababu tumbo ni lake.

Kaka yetu hakufurahi mwanzoni. Aliona kama tunambania mama ng'ombe wawili. Tunamwelewa, kwa sababu mtoto anayempenda mzazi wake hutaka kufanya jambo kubwa na kulifanya leo. Lakini kumpenda mgonjwa ni pamoja na kumpikia mapema, kumwamsha ameze kidonge kabla ya chai, na kuketi naye mbele ya daktari kusikiliza. Mambo hayo hayauzi ng'ombe, nasi kwa miaka tisa hatukuyafanya.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mwenye kiungulia cha mara mbili au zaidi kwa juma, kwa majuma mengi, asijifiche nyuma ya magnesiamu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Aende apimwe, ajue jina la ugonjwa wake, kisha familia ikae chini na kuamua. Tunawatakia afya njema na usingizi wa kutosha.